Pacha wa Ditram Gama

1

Wakili Mrutu alimwambia Agripina Kihwele kwamba amechaguliwa kwa sababu hakuna mtu aliye hai anayemchukia Ditram Gama kumzidi yeye. Alisema hivyo kwa uchangamfu, kana kwamba anampa pongezi, huku akimsogezea kikombe cha chai isiyo na maziwa wala tangawizi. Njombe, mwezi wa saba, baridi inakata masikio, na mtu anakukaribisha kwa chai ya rangi iliyopoa! Agripina alikitazama kile kikombe, akakiacha palepale.

"Nani kasema namchukia?" aliuliza.

"Kidani chako, mama. Na chake." Mrutu aligusa kidani kilichoning'inia shingoni mwake mwenyewe, kidude cha ukubwa wa kifungo ambacho kila raia alivaa kwa sheria na ambacho kilisikia kila neno. "Miaka kumi na moja ya maneno yenu. Umemwita mtoro mara mia nne na kumi na mbili. Umemwombea kifo mara tisini. Mwaka jana sokoni, mbele ya watu, ulimwambia, nanukuu, 'Mngoni wewe, ukifa nitakuja kucheza juu ya kaburi lako, na viatu nitavaa.' Mtambo umewapanga watu wote waliowahi kuongea naye, kuanzia anayempenda mpaka anayemchukia. Wewe umeshika mkia."

Agripina alibanwa na kicheko, akajifanya anakohoa. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na saba, mwenye kiwanda cha kupasua mbao na vidole tisa, na katika maisha yake alikuwa hajakutana na mpumbavu aliyevaa vizuri kiasi kile. Kijana mwenyewe kazaliwa ghorofani huko makao makuu, kasomea ughaibuni, wala hakuna aliyewahi kumweleza utani ni kitu gani. Mtambo nao hakuna aliyeueleza. Mhehe na Mngoni! Watu waliochinjana enzi za mababu mpaka wakachoka, wakapatana kwamba tangu hapo watapigana kwa midomo tu, na atakayenuna ndiye mshamba. Ditram Gama alipofiwa na mama yake, Agripina alishinda jikoni siku tatu akiosha masufuria na kuwatukana waombolezaji. Na mumewe Agripina, mzee Kalinga, alipokufa, Ditram ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea. Hiyo ndiyo chuki iliyopimwa na mtambo.

Alitaka kumweleza. Neno lilishafika ulimini. Kisha akawaza: nikimweleza ataniondoa, na huyo atakayefuata kwenye orodha yao ni nani? Akalimeza.

"Sheria inakataza ndugu, na inakataza wafuasi," Mrutu aliendelea. "Zamani washtakiwa wa aina hii walikuwa wanageuza kizimba jukwaa. Wanahutubia, watu wanalia, mabomu ya machozi, hasara tupu. Siku hizi mwenyewe analazwa usingizi, anashtakiwa pacha wake. Tunamfuma kutokana na kidani: sauti, mawazo, tabia, kila kitu. Kazi yako ni kukaa naye saa moja, bila kurekodiwa, halafu mahakamani unasema neno moja. Ndiye, au siye. Ukishasema ndiye, hata mimi siwezi kumgusa tena. Anachosema yeye kimesemwa na Ditram Gama."

"Na mwenyewe kalala wapi?"

"Pazuri," alisema Mrutu, akafunga faili.

Kesi yenyewe kila mtu Njombe aliijua. Hewa ya milima yote ile ilikuwa imeuzwa kwa mataifa ya mbali yaliyolipa ili misitu isafishe moshi wao, kwa hiyo miti ikawa haiguswi, hata tawi lililokauka likaanguka lenyewe. Wazee walikufa kwa baridi wakiwa wamezungukwa na kuni. Ndipo Ditram, mwalimu mstaafu mwenye nyonga mbovu, alipowaongoza watu elfu tatu kuingia msituni mchana kweupe, wakatoka na mizigo kichwani wakiimba. Kwa kosa hilo pekee angefungwa miezi michache. Lakini mwezi uliofuata gari la Luhwago, Kamishna wa Misitu, lilitumbukia korongoni akafa, na kwenye kidani cha Ditram ikapatikana sauti yake akimwambia Luhwago, siku ya mazishi ya mzee Kalinga: "Wewe nitakuzika kwa mikono yangu miwili, kichwa chini miguu juu, ujifunze kula mizizi ya hiyo miti yako."

Luhwago alikuwa Mhehe. Siku ile alijibu papo hapo kwamba Mngoni hajui kushika jembe, atamzika nusu aache tumbo nje. Watu walicheka mpaka padri akaficha uso nyuma ya kitabu. Jibu la Luhwago halikuwamo kwenye hati ya mashtaka, wala kicheko cha padri.

2

Chumba cha uthibitisho kilikuwa chini ya jengo la mahakama, hakina dirisha, kina kiti kimoja na kioo kikubwa kama mlango. Fundi Yusta, msichana mwembamba aliyevaa sweta mbili, alimwamkia shikamoo bila kumtazama usoni, akabonyeza ukutani, na Ditram Gama akatokea amekaa.

Pengo la jino la mbele lilikuwepo. Alikaa upande, kama anavyokaa siku zote, kuikinga ile nyonga. Walikuwa wamefanya kazi, washenzi hao.

Yusta alitoka, akafunga mlango.

"Habari yako, Bi Agripina," alisema pacha. "Nashukuru umekuja."

Agripina alingoja kidogo, akidhani anatania. Kisha akaanza mwenyewe.

"Mtoro wewe! Wazee wako wametembea kutoka kusini ya mbali mpaka huku wakikimbia kipigo, na wewe umeona ukimbilie ndani ya kioo?"

Ditram wa siku zote angekuwa ameshamrudishia kabla hajafunga mdomo. Pacha aliinamisha kichwa.

"Naelewa una hasira. Maneno yangu yamewaumiza wengi. Nimepata nafasi ya kutafakari, na naomba radhi kwa kabila lako na kwa familia ya marehemu Kamishna."

"Ditram, acha ujinga. Luhwago ulimuua?"

"Nilitaka afe, nikalisema hadharani. Ninakubali kuwajibika."

Agripina alimtukana. Alimtukania ukoo, jembe, nyonga, upishi wa mke wake. Alitumia maneno ambayo hata watani huyaweka kwa ajili ya misiba mikubwa tu. Kila tusi, yule mtu kwenye kioo alimwangalia kwa upole, akamwambia anaelewa, akamwomba radhi. Dakika ya ishirini Agripina aliinuka akapiga mlango kwa ngumi.

"Siye," alimwambia Yusta. "Huyo mmemtoa wapi?"

Yusta alitazama kwanza huku na huku. "Kuna safu tumeitoa, mama. Sheria ya maneno ya chuki. Kila tusi la kikabila lazima litolewe kabla pacha hajafumwa. Kwake yalikuwa mengi mno, yakatoka na vitu vingine."

"Vitu gani?"

"Ubishi. Kucheka. Tulipoyatoa akawa anakiri mwenyewe, hatukumlazimisha."

"Basi mtakuwa mmemhukumu mtu mwingine, na Ditram ataamka awaumbue."

Msichana alishusha sauti. "Haamki hivyo. Pacha akikiri, anapata miaka saba. Katika hiyo miaka yule aliyelala analinganishwa. Kuna nyuzi zinaingizwa hapa," akagusa kisogo chake, "mpaka kichwa chake kinakuwa sawa na cha pacha. La sivyo wangekuwa wanatoka gerezani na kukana walichokiri. Hawasikii maumivu."

"Anaamka akiwa huyu?" Agripina alionyesha kioo. "Huyu wa naelewa una hasira?"

Yusta alizima kioo.

Mrutu aliwakuta kwenye ngazi, na uchangamfu wake ulikuwa umekwisha. "Nasikia umesema siye. Kwa nini?"

"Hatukani," alisema Agripina.

"Nini?"

"Ditram Gama ninayemchukia mimi anatukana. Huyo mliyeniletea ni katekista."

Mrutu alimgeukia fundi. "Mrudishieni matusi yake. Keshokutwa kesi inarushwa nchi nzima."

"Wakili, tukiirudisha ile safu inabidi tumpime upya, maana huenda—"

"Alikiri, hakukiri?"

"Alikiri, lakini—"

"Basi. Mrudishie matusi, mama huyu aridhike. Matusi ni chumvi tu."

3

Kandida Mbano, mke wa Ditram, alifika kiwandani kesho yake asubuhi, na kabla hajavuka geti alishapaza sauti: "Mhehe! Mbwa wangu hajaonekana tangu juzi, hebu funua sufuria!"

"Angekuwa mnono ningekwambia," alijibu Agripina. "Amekonda kama mwenyewe. Pita ukae."

Aliwasha msumeno mkubwa, ambao tangu miti ikatazwe ulipasua mbao kuukuu tu, akauacha uzunguke bure, kwa kuwa vidani havisikii kitu karibu na msumeno. Kandida aliketi juu ya rundo la mbao. Alilia kwa muda mrefu, na Agripina akamwacha alie.

"Wamenieleza kila kitu," alisema Kandida alipotulia. "Ukisema ndiye, ni miaka saba. Nimeambiwa umekataa."

"Ungemwona usingeniuliza. Kandida, kile si kitu. Kinaomba radhi! Nimemtukania mpaka mboga zako, kinaniambia kinaelewa. Na huyo ndiye watakayekurudishia. Watamlinganisha."

"Najua. Nimesainishwa karatasi."

"Unajua, na bado unataka?"

"Atakuwa na mikono?" Kandida aliuliza. "Atakuwa na ile nyonga niikande? Basi nitamchukua hivyohivyo."

"Atakuwa siye."

"Siye kwa nani?" Kandida aliinuka. Sasa alikuwa anapigana kweli, utani umewekwa kando. "Wewe unamtaka yule wa msibani, wa kuchekesha watu. Mimi ninaye wa alfajiri, anayekohoa na kutafuta soksi moja na kulaumu nyumba nzima. Hawawezi kukifuta kikohozi. Nitakaa na kikohozi, Agripina. Watu wanakaa na waume waliopooza, wanakaa na walevi. Mimi nishindwe kukaa na mpole?"

"Na yeye? Angetaka nini yeye?"

"Amelala! Hatuwezi kumuuliza! Anayeulizwa ni wewe, mwanamke ambaye si ndugu wala si mkewe, kwa sababu ya mashine ya wajinga." Alijifuta pua kwa ncha ya kitenge. "Wewe ulizika mume wako, sisi tukakushika. Sasa usinifanye nami nizike ili wewe ubaki na kumbukumbu ya mtu wa kutaniana naye."

Agripina aliona neno lile ni la haki, na kwa kuwa lilikuwa la haki lilimchoma zaidi.

"Akija mwingine mwenye akili zake zote," alisema hatimaye, "atakataa kosa. Unajua hilo."

"Akikataa kosa, ni mashtaka kamili ya mauaji. Watamnyonga. Wewe unajua hilo."

Agripina alizima msumeno. Vidani vyao vikaanza tena kusikia, nao wakaagana kwa matusi mawili matatu ya juujuu, kila mtu akatazama pembeni.

4

Alasiri ile ile akaitwa tena chini ya mahakama. Yusta alikuwa na macho mekundu ya kukesha. Aliwasha kioo akatoka mbio, kana kwamba hakutaka kuwepo.

"Loo!" alisema mtu kwenye kioo. "Wameniletea Mhehe. Nchi nzima hii, watu milioni mia na zaidi, wamekosa binadamu wa kunitambua, wamekwenda kumchukua mla mbwa."

Agripina aliziba mdomo kwa kiganja. Machozi yalimtoka yenyewe.

"Unalia nini? Mume wako nilishamzika, tena vizuri, kichwa juu."

"Mtoro mkubwa wewe."

"Naam! Mtoro aliyekimbilia kwenye kioo. Haya, niambie, niko wapi? Huyu fundi kaniambia mimi ni wa kufuma, kama kofia. Mwenyewe yuko hai?"

Agripina alimweleza yote. Alimweleza habari ya mpole wa kwanza, habari ya miaka saba na nyuzi za kisogoni, habari ya Kandida kwenye rundo la mbao. Pacha alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo Ditram alilifanya mara chache sana, na kila mara lilikuwa jambo zito.

"Nikiulizwa kama nilimuua Luhwago," alisema, "nitasema hapana. Sitaweza kusema jingine. Sikumuua, na siku aliyokufa nililia kama mtoto."

"Nakumbuka. Nilikutukana kwa kulia."

"Ulinitukana, ndiyo."

"Basi watakunyonga, Ditram."

"Watamnyonga yeye. Mimi watanifuta tu, kama ubao." Alijisogeza kwenye kiti kuipumzisha nyonga asiyokuwa nayo. "Kwa hiyo usinisikilize sana, mtani. Mtu asiye na shingo ni rahisi kuwa jasiri. Naweza kukwambia hapa, heri kufa nikiwa mimi kuliko kuamka nikiwa katekista. Maneno matamu. Lakini mwenye shingo ni yule aliyelala. Huenda angeamshwa leo akaonyeshwa kamba, angesema nipeni huo upole, nipeni upesi, nikalale na mke wangu. Sijui. Nimejitafuta humu ndani tangu asubuhi, sijui."

"Hujui! Sasa mimi nifanye nini?"

"Wewe ndiye mwenye mdomo."

"Ditram, nisaidie jamani. Nakuomba."

"Tazama Mhehe anavyoomba," alisema, lakini kwa sauti ndogo, na hakucheka. "Kandida kasemaje tena? Kuhusu soksi?"

Agripina alirudia. Pacha alimwomba arudie mara nyingine. Saa ikaisha.

Mrutu alikuwa anangoja kwenye ngazi, anatazama saa yake. "Haya, mama. Sasa je?"

Angeweza kusema bado. Wangemwondolea matusi tena, wangemletea katekista mwingine na mwingine mpaka achoke, au wamtafute Mhehe asiye na adabu aseme ndiye kwa kuogopa. Alimtazama yule kijana na joho lake na viatu vyake visivyojua tope, akamchukia kwa chuki safi ambayo hakuna kidani kingeipima.

"Sasa anafanana," alisema. "Huyo ndiye mlete."

5

Ukumbi ulijaa tangu saa mbili. Walinzi walipanga watu kwa majina, kamera zikaning'inia darini, na kizimbani, mahali pa mtu, kiliwekwa kile kioo. Agripina alikalishwa kwenye kiti cha mthibitishaji, pembeni ya meza ya Jaji. Kandida alikuwa mstari wa pili. Alikuwa amevaa vizuri, kama mtu anayekwenda kupokea mgeni, na alipomwona Agripina alimtikisia kichwa kwa matumaini. Hakuna aliyekuwa amemwambia ni pacha yupi analetwa. Agripina alikuwa na usiku mzima wa kumwambia, na hakwenda.

Jaji Bukuku, mama mnene mwenye sauti ya kuchoka, aliamuru kioo kiwashwe. "Mshtakiwa ataje jina lake."

"Ditram Oswin Gama, mwalimu mstaafu, Mngoni," alisema pacha. "Mheshimiwa Jaji, naona mmeniwekea Mhehe hapo pembeni. Naomba mbwa wa polisi wahesabiwe kabla hajatoka."

Ukumbi mzima ulicheka. Watu waliopangwa kwa majina na kuonywa getini, walicheka. Askari mmoja mlangoni aligeukia ukuta. Mrutu naye alitabasamu, maana aliona ile chumvi yake imekolea.

Kandida hakucheka. Alikuwa amesimama bila kujijua, mkono umemganda kifuani. Aliisikia sauti ya mume wake, akaielewa yote kwa mara moja.

"Na Luhwago sikumuua," pacha aliongeza. "Niliseme mapema, nisije nikasahau kwa hizi taratibu zenu."

Tabasamu la Mrutu lilikatika. Aliinuka upesi akagonga meza kwa goti. "Mheshimiwa Jaji, kuna hitilafu ya kiufundi. Upande wa Dola unaomba pacha huyu aondolewe. Tunaye mwingine, yuko tayari."

"Ulimleta huyu, wakili."

"Kwa makosa, Mheshimiwa."

"Pacha akishafika kizimbani haondolewi na wewe." Jaji Bukuku alivua miwani. Kama alikuwa upande wowote, uso wake haukuonyesha. "Mthibitishaji peke yake ndiye anayemwondoa. Bi Kihwele, nisikilize vizuri. Ukisema siye, huyu anafutwa, analetwa huyo mwingine wa wakili. Ukisema ndiye, nitaandika kwamba Ditram Gama amekana kosa, na kesi itasikilizwa kwa mashtaka kamili. Adhabu yake unaijua?"

"Naijua, Mheshimiwa."

"Ndiye au siye?"

Kandida hakutoa sauti, wangemtoa nje. Midomo tu ilikuwa inacheza. Siye. Sema siye. Nakuomba, sema siye.

Na Agripina alimpenda yule mwanamke. Hilo nalo mtambo ulikuwa haulijui. Akafikiri juu ya Ditram aliyelala mahali pazuri, haulizwi, shingo yake imewekwa mikononi mwa fundi mbao mwenye vidole tisa. Akawaza akisema siye, ni nani atakayemlaumu? Mtu mmoja mpole atarudi nyumbani baada ya miaka saba, atakandwa, ataomba radhi kwa kila anayepita. Atakuja kiwandani kumwamkia. Na huyu aliye kizimbani, mwenye pengo na kiburi na Luhwago aliyemlilia, atakuwa hajawahi kuwepo, na yeye Agripina ndiye atakayekuwa amesema hivyo kwa mdomo wake, mbele ya watu wote, akijua. Aliwachukia wote waliomweka pale: Mrutu, Jaji, waliotunga sheria, walionunua hewa. Alijichukia yeye zaidi, kwa kuwa alishajua atasema nini tangu alipokuwa kwenye ngazi, na hakuwa na hakika hata kidogo kama anasema kwa ajili ya Ditram au kwa ajili yake mwenyewe.

"Ndiye," alisema.

Mrutu aliketi. Jaji aliandika. Pacha aliyekuwa na jibu kwa kila kitu alimtazama tu Agripina mpaka karani alipoanza kusoma mashtaka.

6

Alimkuta Kandida kwenye baraza ya mahakama, kwenye ubaridi, ameegemea nguzo. Vipaza sauti vya nje vilikuwa vinarusha kesi kwa umati uliokuwa barabarani.

"Sikuweza kusema uongo," Agripina alisema.

"Nani alikuomba ukweli?"

"Ni mume wako yule, Kandida. Msikie."

"Namsikia! Unadhani simsikii?" Aligeuka, na macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Miaka saba. Ningengoja miaka saba, nikayapata hata hayo makapi yake. Umeona makapi hayakutoshi wewe."

Kwenye kipaza sauti Ditram alikuwa anaieleza mahakama siku ya mazishi ya mzee Kalinga. Alieleza alichomwambia Luhwago. Halafu, kwa sauti ya puani, sauti ya Luhwago hasa, akaeleza Luhwago alivyomjibu, habari ya kuzikwa nusu na tumbo kubaki nje, na jinsi padri alivyokifanya kitabu cha sala kuwa pazia. Umati barabarani ulilipuka kwa kicheko. Kicheko kikamshika na Kandida, kikamtoka kabla hajakizuia, akacheka ameinama, ameshika nguzo, akacheka mpaka akakosa pumzi. Agripina naye alianza kucheka, akanyoosha mkono amshike.

Kandida alimpiga kofi. Lilikuwa kofi la mkono mzima, na walinzi wawili waligeuka kutazama.

"Wakinipa maiti," alisema, bado anahema kwa kile kicheko, "usije. Usioshe sufuria, usimtukane mtu, usisogee nyumbani kwangu. Nitazika bila mtani."

Alijifunga kitenge vizuri, akashuka ngazi, akaingia kwenye umati. Agripina alibaki barazani, shavu likiwaka, na nyuma yake sauti ya Ditram Gama iliendelea kuwachekesha watu.